Konzi Mbili za Unga

Tarehe 3, mwezi wa tatu

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Anayeandika ni Fundi, yule mwenye cherehani mkabala na tanuri langu la mikate. Anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike nilivyosema, asipambe. Akipamba nitajua, maana kalamu yake itakuwa inakwenda hata nikinyamaza.

Unasema mtoto katimiza miezi sita, na ukila anakifuata kijiko kwa macho mpaka unaona haya kumeza. Basi wakati umefika. Mdomo wake umeshakuomba, unangoja akuandikie barua?

Umeuliza kama ununue lile kopo lenye picha ya mtoto anayecheka. Mwanangu, yule mtoto analipwa acheke. Wa kwako atacheka bure ukimpa chakula cha jikoni kwako. Sisemi makopo yote ni sumu. Nasema una moto, una sufuria, una mikono miwili niliyokuzaa nayo.

Uji hupikwa hivi. Vikombe viwili vya maji, konzi mbili za unga. Ingiza mkono kwenye mfuko, kunja vidole, toa kilichomo: hiyo konzi moja. Rudia. Maji mawili, konzi mbili, hata mlevi hasahau. Koroga unga kwanza na maji baridi kidogo usifanye madonge, mimina kwenye yanayochemka, kisha ukoroge mpaka mkono ukuulize umekukosea nini. Usitie chumvi, usitie sukari, na asali asilambe mpaka amalize mwaka. Figo zake sasa hivi ni ndogo kama maharage, usizitume kazi za watu wazima.

Ziwa kwanza, uji baadaye. Najua unatoka alfajiri kwenda kupiga pasi mashuka ya hoteli na unarudi miguu imevimba. Mnyonyeshe kabla hujatoka na ukirudi, na maziwa unayoyakamua mwachie yule jirani wa chumba cha pili anayekulelea. Msalimie sana. Mwambie mikono anawe kwa sabuni, nimesema mimi.

Baba yake akirudi safari na lori lake, naye akoroge. Mkono wa mwanamume hauungui kwa uji.

Mama yako. Hiki hapa ni kidole gumba changu, Fundi kanipaka wino wa kalamu.


Tarehe 17, mwezi wa tatu

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Uji wako umekubaliwa! Anakula mpaka analamba kikombe. Nampikia alfajiri kabla sijaenda kazini, jirani anampasha moto mchana, na jioni nampa mwenyewe. Hana shida ya kumeza kabisa, unateremka kama maji. Kikombe kizima anamaliza, halafu tumbo linakuwa ngoma na analala papo hapo. Jirani anasema hajawahi kulea mtoto asiye na usumbufu kama huyu.

Nimeanza kumwita Kibonge. Kopo sikununua.

Kazini hamna jipya. Msimamizi bado anatembea nyuma yetu akihesabu mikunjo. Dada Fundi nampa salamu nyingi kwa kazi ya kuandika.

Mwanao anayekupenda.


Tarehe 24, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Kibonge! Jina hilo nimelitia mdomoni tangu asubuhi kama mtu anayefyonza embe. Wateja wa mkate wamenikoma. Anayekuja kununua mmoja anaondoka na mmoja na habari za Kibonge. Mzee mmoja kaniambia, "Bibi, mimi nilitaka mkate tu." Nikamwambia habari ni bure, akizikataa bei ya mkate ni mara mbili.

Sasa usimpe uji mtupu kila siku kama mfungwa. Boga lichemshe, lipondeponde kwa uma. Kiazi vilevile. Yai liive mpaka kiini kiwe kama vumbi, ndipo umpe, anza na kidogo umwangalie ngozi. Maharage yavue maganda uyasage. Samaki utafute miiba kwa vidole vyako, usimwamini mtu wala miwani. Karanga zisage laini ziwe rojo uchanganye kwenye uji, punje nzima asiione mpaka awe na akili za kutafuna. Kila chakula kipya mpe siku mbili tatu akizoee kabla ya kingine. Akitema si kwamba amekataa. Anauliza tu hiki ni nini. Mjibu kesho tena.

Fundi anamshonea kaptula mbili. Aliniuliza kiuno, nikamwambia kata kama unakatia mto.

Mama yako. Kidole leo kimetoka vibaya, nilikuwa na samli.


Tarehe 8, mwezi wa nne

Dada Fundi,

Barua hii ni yako peke yako. Tafadhali usimsomee Mama.

Kaptula zimefika. Ni nzuri sana, na nimelia nilipomvalisha, maana zilianguka mpaka miguuni. Kibonge si kibonge, Dada. Ni jina tu. Nilianza kwa utani, Mama akalishika, nikashindwa kumnyang'anya.

Juzi tarehe sita nilimpeleka kliniki. Alipotimiza miezi sita alikuwa kilo sita na gramu mia moja. Sasa ana miezi saba, bado ni kilo sita na gramu mia moja. Muuguzi alinionyesha kwenye kadi: mstari wa wenzake unapanda, wa mwanangu umelala. Akaniuliza kama ninampa chakula. Nikasema nampa, anamaliza kikombe. Akasema basi ongeza, mpe mara nyingi zaidi. Na akasema tarehe sita mwezi ujao nimrudishe, na mstari ukiwa bado umelala, atalazwa hospitali wamchunguze. Nimeongeza. Sasa anakunywa vikombe vinne kwa siku, na nepi ndizo zinazonenepa.

Mara mbili nimesimama dukani nikiwa nimeshika lile kopo. Nimelirudisha. Si ubahili. Uji huu ni wa Mama. Ametulea watano kwa uji huu, na mtaa mzima unajua. Nikimwambia mtoto hakui, itakuwa kama namwambia alichokijua maisha yake yote si kitu. Hakusoma, Dada. Anachojivunia ni tanuri lake na sisi.

Nakuomba mambo mawili. Kwanza, ukishona tena, punguza kiuno, umwambie Mama kitambaa kilikuwa kifupi. Pili, mwulize kwa ujanja kama kuna mtoto aliyewahi kukonda katika sisi, na alifanya nini. Usimwambie kwa nini unauliza.

Mdogo wako.


Tarehe 14, mwezi wa nne

Mwanangu,

Fundi kanisomea. Usimlaumu, kajitahidi.

Barua ilipofika nikauona mwandiko wako juu ya bahasha. Kusoma sijui, lakini mwandiko wa mwanangu naujua kama ninavyoujua mwendo wake akitokea kona ya mbali. Nikasema, "Haya, soma." Akasema, "Hii ni yangu, Bibi." Nikamwuliza tangu lini. Akasema ni mambo ya vitambaa. Uongo haumkai yule mwanamke, masikio yanamwiva. Mezani kulikuwa na gauni la bi harusi, limeshapigwa pasi, linangoja mwenyewe. Nikaliketia. Nikamwambia, "Soma, au bi harusi akaolewe na makunyanzi." Akasoma.

Alipomaliza niliinuka kwenye gauni, nikalinyoosha kwa kiganja. Fundi anasema nililivuruga zaidi.

Sasa nisikilize, wewe mtoto mjinga ninayekupenda. Sikukasirika kwa sababu mtoto amekonda. Watoto hukonda, na watu wazima wapo ili waone. Nimekasirika kwa sababu umekaa na hofu hiyo peke yako, ukaipiga pasi ukaikunja kama mashuka ya hotelini, ili mimi nisiumie. Jina langu limekuwa mtoto mchanga, kwamba usipolilisha litakufa? Kama uji wangu mbaya, umwage, uniambie. Nitalia siku moja, kesho yake nitaoka mikate.

Na huyo muuguzi usimkimbie. Akisema mtoto alazwe, alazwe, nitafunga tanuri nije nilale chini ya kitanda chake. Ukitaka kununua kopo ukiwa unangoja jibu langu, nunua. Picha yenyewe itazame ukutani.

Lakini kabla ya yote nataka kujua kitu. Watano nimewalisha uji huo na hakuna aliyelala kwenye mstari. Kwa hiyo kuna kitu. Niandikie unavyopika, tangu unapowasha moto. Usinifupishie. Usinipambie. Niambie uji ukiwa kwenye kijiko unafanya nini.

Mama yako. Kidole nimekibonyeza kwa nguvu, karatasi imetoboka, usishtuke.


Tarehe 17, mwezi wa nne

Mama,

Nisamehe. Nimesoma barua yako chooni kazini, nikacheka na kulia mpaka mwenzangu akagonga mlango.

Napika hivi. Naamka saa kumi na nusu. Nabandika maji vikombe viwili, vile vikombe vya bati ulivyonipa nilipohama. Naingiza mkono kwenye mfuko wa unga, nakunja vidole, natoa konzi. Narudia. Zinakuwa mbili kamili, wala sidanganyi wala sibani matumizi. Nakoroga na maji baridi, namimina, nakoroga robo saa. Mkono hauniulizi kitu, Mama, unakoroga wenyewe tu, hauna uzito wowote.

Kwenye kijiko uji haukai. Ukiinamisha kidogo umeshamwagika. Ndiyo maana niliacha kijiko, nikampa kwa kikombe, anakunywa. Nilidhani ndivyo unavyotakiwa. Ukipoa unafanana na maji ya kuoshea mchele.

Boga nilijaribu mara moja akatema. Yai sijampa, niliogopa. Tumbo lake likishajaa uji hataki kingine, hata ziwa la jioni siku hizi ananyonya kidogo halafu analala. Mimi nikaona ameshiba.

Kopo sijanunua. Nimeona nikungoje.

Mwanao.


Tarehe 20, mwezi wa nne

Mwanangu,

Tumekipata. Kaa chini.

Fundi alipofika pale pa maji ya kuoshea mchele akaiweka barua chini. Akaniambia, "Bibi, hebu lete mkono." Mimi nikadhani anataka kidole cha sahihi. Akaugeuza, akautazama kama kitambaa asichokijua bei. Wewe unaujua mkono huu. Umekanda unga wa mikate tangu kabla hujazaliwa, umekuwa koleo. Kisha akatoa wa kwake, akauweka juu ya wangu. Mwanangu, ulipotea! Kama mtoto kalala kwenye kitanda cha wazazi.

Tukaenda jikoni. Mimi nikachota konzi zangu mbili, tukazitia kwenye kikombe cha bati, ndugu ya vile vyako. Kikafika nusu kamili. Tukamwaga. Fundi akachota konzi zake mbili. Kikombe hakikufika hata robo. Na wewe una mikono ya marehemu baba yako, vidole vya kushikia sindano. Mwanamume yule alikuwa akishindwa hata kushika mkia wa kuku.

Basi ndivyo hivyo. Umempa mjukuu wangu maji ya moto yenye harufu ya unga, kwa sababu nilikwambia. Amejaa maji mpaka hana nafasi ya chakula wala ziwa. Muuguzi akakwambia ongeza, ukaongeza maji. Hukukosea hata hatua moja. Nimekosea mimi.

Na nitakwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, Fundi naye anakisikia leo. Nilipokuwa nawalisha ninyi sikuwa nahesabu konzi. Nilikuwa natia unga, natazama kijiko, naongeza, natazama. Konzi mbili nilikuja kuzisema baadaye, watu walipoanza kuniuliza, "Unatia kiasi gani?" Mtu akikuuliza swali kama hilo unaona haya kusema "natazama tu". Hukusoma, unataka na wewe uwe na hesabu. Nikachota siku moja, nikaona ni konzi mbili, nikaishika hesabu hiyo kama cheti. Kumbe nilikuwa nawapa watu mkono wangu bila kuwapa macho yangu.

Kwa hiyo sahau konzi. Nusu kikombe cha unga kwa vikombe viwili vya maji, kisha utazame. Chota kwa kijiko, uinamishe. Ukimwagika kama mvua, bado. Ukikaa ukikutazama, umeiva. Ukigoma hata ukigonga kijiko, ongeza maji kidogo. Tia kijiko cha karanga zilizosagwa, au cha mafuta, au kiini cha yai. Mpe kwa kijiko, si kikombe. Kidogo kidogo, mara tatu kwa siku, na ziwa usilipunguze. Siku mbili za kwanza atakasirika, alishazoea kunywa bila kazi. Mvumilie. Anajifunza kula sasa hivi, wiki zote zile alikuwa anakunywa tu.

Tarehe sita umpeleke, hata kama unaogopa. Mweleze muuguzi yote, na konzi zangu umtajie. Acha anicheke, nimewacheka mimi wengi.

Mama yako.

(Dada, ni mimi Fundi. Katika bahasha utakuta mkono. Nimeuchora juu ya karatasi ya kukatia mitindo nikaukata, Bibi hakutaka, anasema unaonekana kama wa mwanamume. Weka wako juu yake uone. Na gauni la bi harusi nililipiga pasi mara tatu. Mstari wa nyuma, pale alipoketi Bibi, haukutoka.)


Tarehe 7, mwezi wa tano

Mama,

Shikamoo.

Nianze na lile unalolitaka. Jana nilimpeleka. Kilo sita na gramu mia tano.

Mia nne zimeongezeka, Mama. Hazijamfikisha kwa wenzake, muuguzi kasema safari bado, nirudi kila baada ya wiki mbili. Lakini hakulazwa. Mstari umeamka. Aliuchora mbele yangu kwa kalamu, nikamwomba anipe kadi niutazame, nikautazama mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akauliza kama ni barua ya mchumba.

Nilimweleza habari za konzi. Hakucheka. Akauliza, "Na akina mama wenzako wa mtaani wanapima kwa kitu gani?" Nikasema sijui. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na leo nimesikia kuwa alipoongea na akina mama pale kliniki alianza na kijiko na bakuli la uji.

Siku mbili za kwanza alikuwa kama ulivyosema. Alinitemea karanga kwenye nyusi. Jirani akasema mtoto kabadilishwa, huyu ana kelele, arudishiwe yule wa zamani. Siku ya tatu alishika kijiko mwenyewe akakigombania. Sasa halali tena hovyo mchana. Anatambaa kinyumenyume, anaingia chini ya kitanda, analia kwa kuwa hajui kutoka. Boga analipenda, kiazi anakionea. Kwenye yai anakunja uso kwanza, halafu anafungua mdomo.

Baba yake karudi juzi. Alikoroga uji, Mama. Alikoroga huku amevaa miwani ya jua kwa ajili ya moshi.

Ule mkono wa karatasi niliweka wangu juu yake. Nilikaa hivyo muda. Nilikuwa sijakushika tangu nihame.

Mwanao.


Tarehe 12, mwezi wa tano

Mwanangu,

Gramu mia nne. Nimemwambia Fundi aniwekee unga wa uzito huo kwenye mfuko, niushike nijue ni kiasi gani. Nimezunguka nao kutwa nzima kama nimebeba mguu wake.

Sasa nina habari, na si nzuri kwangu. Usiku uleule niliposema nimewapa watu mkono bila macho, nililala nikaanza kuhesabu. Nimemwambia nani na nani konzi mbili? Kila mama mchanga aliyewahi kununua mkate kwangu. Nimewatolea hekima hiyo bila kuulizwa, juu ya mkate, kama nyongeza.

Nikaona haya, nikajidanganya kuwa nangoja kwanza nisikie kijiko kimefanya nini kwa wako. Barua yako ikafika, basi jana asubuhi nilipanga mikate tanurini, nikachukua kijiko na kikombe cha bati, nikatoka. Nimegonga milango kumi na mmoja. Nasema, "Mwanangu, lile nililokwambia la konzi lifute, lilikuwa ni la mkono wangu tu." Wa kwanza akacheka. Wa pili akasema yeye hajawahi kunifuata hata siku moja, aliogopa tu kuniambia. Nikambusu. Wa tano aliniuliza kama nimeanza kuzeeka, nikamwambia nimeanza zamani, ndio kwanza nafika.

Wa kumi na mmoja ni yule binti wa nyumba ya mwisho, anayekuja kwa mkate akiwa amemfunga mtoto mgongoni, haongei. Aliponiona na kijiko akaanza kulia kabla sijasema. Wa kwake ana miezi minane. Nilimfungua mgongoni. Mwanangu, niliwahi kushika kuku wazito kuliko yule.

Mikono yake ni midogo kuliko yako.

Sikusema mengi, na ujue ilikuwa ngumu kwangu. Nikabandika maji. Nikamwambia atie unga yeye mwenyewe, mimi nisiguse. Anatia, tunatazama kijiko. Anatia, tunatazama. Akauliza, "Sasa, Bibi?" Nikasema, "Mimi sijui, wewe unaonaje?" Akainamisha, ukakaa. Akasema, "Sasa." Akamlisha. Vijiko saba. Cha nane akageuza shingo, mama yake akanitazama, nikamwambia huyo ameshiba, msikilize yeye kuliko mimi. Kesho atakwenda kliniki, Fundi atamsindikiza.

Nilipofika nyumbani moshi ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Mikate yote imekuwa mkaa. Tangu nianze kuoka haijawahi kuniungulia hata siku moja, wewe shahidi. Wateja wamepanga foleni, wananitazama, wanangoja nipige kelele.

Nimewaambia leo hakuna mkate, waende nyumbani wakale viazi. Kisha nikakaa kizingitini nikacheka peke yangu.

Mama yako.